Mabuti ya Daria Miguuni mwa Baba

Winnipeg, 4 Machi 1973

Baba na Mama,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo imegoma kuondoka. Sitazunguka mbuyu: nimekata tiketi. Tarehe 9 Juni mimi na Doreen, rafiki yangu tangu hapo Dauphin hadi hapa kazini, tunapanda ndege kwenda Amsterdam, na tutatembea Ulaya wiki kumi, kila mmoja na shanta lake mgongoni.

Baba, sijasahau ulichosema mezani siku ya Krismasi, kwamba msichana mwenye akili hatembei nchi za watu amebeba nyumba mgongoni kama konokono. Nina miaka ishirini na miwili, naweza kwenda bila ruhusa yako. Ila sitaki kwenda hivyo. Nataka uniambie "nenda" wewe mwenyewe, na nitangoja mpaka siku ya mwisho.

Kuna mabuti niliyoagiza kwenye katalogi yatafika hapo nyumbani, kwa sababu mama mwenye nyumba wangu hapokei vifurushi vya wapangaji. Ni ya kiume, namba tisa, maana hakuna kiatu cha kike kinachoingia kwenye mguu huu niliourithi kwako. Yapake nta, uyaache mlangoni. Nikija Pasaka nitayachukua nianze kuyavaa yalainike.

Mama, hosteli za huko hazikubali mtu alalie magodoro yao bila mfuko wake wa shuka. Unachukua shuka refu, unalikunja, unashona ubavuni na chini, na juu unaweka mfuko mdogo wa kutilia mto. Nishonee, tafadhali. Upana wa mtu mmoja.

Wenu,
Daria


Dauphin, 11 Machi 1973

Daria mwanangu,

Barua yako baba yako aliileta mwenyewe katika zamu yake ya posta, akaitia kwenye kisanduku chetu kana kwamba sisi ni watu baki, kisha akazunguka mlango wa nyuma akaniuliza kama kuna barua. Ndiyo mambo yake.

Mfuko nitakushonea, ingawa kwetu vinavyolala kwenye mfuko ni viazi. Lakini mfuko wa shuka si matandiko. Utachukua perina ya bibi yako, lile tandiko nene la kujifunika. Ina manyoya ya bata bukini kumi na sita, nami nilisaidia kuwanyonyoa. Ukiikalia vizuri inajikunja ikawa ndogo kama ndama.

Mama yako,
Stefania

Daria, mabuti yamefika. Ngozi yake ngumu kama mlango wa ghala, na kila moja lina uzito wa kuku. Nimeyapaka nta. Mabuti ya namna hii hayalainiki kwa wiki mbili tatu za kujaribujaribu chumbani, nakwambia mimi niliyelishwa na miguu yangu. Kuhusu lile neno unalolitaka, bado sijalipata mdomoni. Ya Krismasi niliyasema na sijayafuta.

Baba


Winnipeg, 25 Machi 1973

Baba na Mama,

Mama, perina hapana. Nakuomba kwa heshima zote. Shanta langu likishabeba perina, mimi mwenyewe nitabebwa na nani? Hosteli zina mablanketi. Ninachopaswa kubeba ni ule mfuko, sweta moja, suruali mbili, soksi za sufu jozi nne na kandambili za kuogea, kwa kuwa mabuti hayaingii ndani ya hosteli, yanabaki kwenye chumba chake mlangoni. Doreen amejaribu kufunga shanta lake mara tano na kila mara kikaango kinabaki nje. Nimemuuliza kikaango cha nini, akasema mtu hawezi kujua. Kazini wanatucheka, siku nzima tunapima mbegu za alizeti huku tunabishana habari za soksi.

Jana usiku tulishona bendera yetu ya Kanada yenye jani jekundu kwenye mashanta, tusije tukadhaniwa Wamarekani.

Baba, ahsante kwa nta. Usiyaweke karibu na jiko, ngozi itapasuka. Na lile neno bado nalingoja.

Daria


Dauphin, 9 Aprili 1973

Daria,

Mtu aliyeanza kuzipiga njia za Dauphin wewe hujazaliwa hafundishwi habari za jiko na ngozi. Mabuti yanaendelea vizuri. La kulia limekubali, la kushoto bado lina kiburi, linauma kisigino tukipanda Mtaa wa Tatu. Likipata mvua mbili tatu litashika adabu.

Theluji imebaki vichochoroni tu. Mbwa wa kina Pawluk amezaa, kwa hiyo mwezi huu kuna maadui sita badala ya mmoja.

Baba

Mfuko umekwisha. Nimekosea upana, wanaingia watu wawili na mto wao. Nilishona kwa kukisia kitanda chetu, ndicho kitanda pekee ninachokijua. Ukija Pasaka utauona, kisha uniachie niupunguze. Keki nitaoka sita. Perina nimeianika juani, sisemi kwa nini.

Mama


Winnipeg, 2 Mei 1973

Baba,

Pasaka ulinikabidhi mabuti ndani ya boksi lake, yanang'aa kwa nta, nikakubusu shavuni mbele ya wageni. Mama alikuwa anacheka peke yake jikoni nikadhani ni mvinyo wa cheri.

Juzi nimeyavaa kutoka kituo cha basi hadi chumbani kwangu, mwendo wa dakika ishirini. Nimefika na malengelenge matatu. Buti la kulia limetuna ubavuni, pale pale ulipo ule mfupa wako uliochomoza kando ya kidole gumba. La kushoto limelika kisigino upande mmoja, upande wa bega unalobebea mkoba wa barua. Nilipoandika niyakute mlangoni nilimaanisha mlangoni. Kumbe ile barua yako ya "linauma kisigino tukipanda Mtaa wa Tatu" haikuwa mzaha. Nimempigia Mama simu kutoka kazini, akaniambia kila kitu, na alikuwa bado anacheka. Uliyaloweka kwenye beseni, ukayavaa mabichi, ukatembea nayo mpaka yakakukaukia. Kisha ukaendelea kugawia watu barua nayo wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa.

Yamekuwa miguu yako, Baba. Safari imebakiza siku thelathini na nane na sina kiatu. Niambie ukweli: ulifanya hivi ili nisiende?

Daria


Dauphin, 7 Mei 1973

Daria,

Sikufanya ili usiende. Buti jipya halilainiki kwa kutazamwa. Posta yetu ina desturi yake: mgeni akianza kazi, mzee mmoja huyavaa mabuti yake wiki nzima ili kijana asiangamie njiani. Mimi nilivaliwa na marehemu Wasyl Kostiuk, na mpaka leo namwombea. Nilikufanyia wewe nililofanyiwa, nikadhani ni wema. Kwamba mguu wangu una mfupa na wako hauna, hilo sikulifikiria, na hapo nimekosa.

Sasa na mimi nina swali. Ijumaa iliyopita nilikuwa napanga barua za mtaa wetu nikakuta bahasha nyeupe sita za kadi, mwandiko mmoja, zimetoka kwa kina Doreen. Mtu wa posta hafungui barua ya mtu. Lakini ya sita ilikuwa yangu. Doreen anaolewa tarehe 16 Juni na mvulana wa Brandon, na sisi tumealikwa chakula cha jioni ukumbini.

Tarehe 16 Juni, kwa hesabu yako, Doreen yuko Ulaya na wewe. Nani basi atavaa shela, kikaango?

Wiki nzima ya Pasaka ulikula mezani kwangu na ulikuwa unajua. Unataka kwenda peke yako, na ulitaka nikwambie "nenda" nikidhani mko wawili. Neno la namna hiyo ungelifanyia nini?

Baba


Winnipeg, 10 Mei 1973

Baba,

Kweli, nilijua. Doreen aliniambia katikati ya Aprili, akalia, nami nikalia, kisha tukala keki. Nilisahau kwamba hapo nyumbani hakuna siri inayoweza kupita bila kupitia mkononi mwako.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Nakuogopa wewe kidogo, na safari yenyewe sana. Nimeota mara mbili nimesimama kwenye stesheni nisiyoijua jina, na kila mtu ana mtu wake isipokuwa mimi. Nikiamka najiambia niirudishe tiketi. Kisha nakumbuka kwamba nikiirudisha mwaka huu, mwakani nitakuwa na sababu nyingine, na mwaka wa tatu nitakuwa hata sitafuti sababu. Kwa hiyo nitakwenda. Nisamehe kwa kukuficha. Lile neno siliombi tena, nimelichafua mwenyewe.

Lakini nijibu jambo moja. Umesema desturi ya posta ni kumvalia mgeni wiki moja. Wewe umeyavaa wiki sita. Zile tano zilikuwa za nini?

Daria


Dauphin, 15 Mei 1973

Daria,

Nimeianza barua hii mara tatu. Mama yako ananipita na ufagio makusudi.

Wiki ya kwanza ilikuwa yako, naapa. Siku ya pili bibi Pawluk alifungua mlango, akayatazama mabuti, akasema, "Orest, unakwenda wapi na mabuti ya kupandia milima?" Nikamwambia, "Ulaya." Nilikuwa namtania. Akasema, "Haya, ukifika Trier kule Ujerumani mpitie kaka yangu," akaniandikia anwani kabisa. Nyumba ya pili wakaniuliza, nikasema Ulaya. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unanipa ushauri. Mzee Harapiak alinionyesha namna ya kuficha pasipoti ndani ya soksi. Mwalimu Tkach alinifundisha kuomba supu kwa Kijerumani. Na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, kila asubuhi nikawa nayafunga yale mabuti huku roho inaniruka.

Miaka ishirini na saba nimetembea maili kumi kila siku ya kazi. Wasyl alikuwa akisema tukizinyoosha zile njia tungekwisha kuizunguka dunia mara mbili. Mimi saa tisa alasiri nimekuwa nyumbani kila siku. Sijawahi hata kuvuka mpaka wa jimbo letu la Manitoba isipokuwa ile harusi ya Yorkton, na nilikwenda nimelala garini. Ulipotangaza safari yako Krismasi sikukasirika kwa sababu ni hatari. Nilikuonea wivu, mwanangu mwenyewe. Nimeona aibu kuliandika hilo kuliko lolote nililopata kuandika, ila ndilo lililonifanya nikupe maneno ya konokono.

Nenda, Daria. Peke yako au na jeshi, nenda. Hilo neno nimelitafuta likapatikana, na halina masharti.

Usinunue buti jingine jipya, huna muda wa kulilainisha. Chukua kiatu chepesi cha turubai ulichokwisha kukizoea. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani, sufu nje. Asubuhi paka kisigino sabuni kavu. Ukihisi joto mahali, simama hapo hapo uvue, usingoje kiwe kidonda. Vijana wote wanaojiharibu miguu huwa wamesema "nitaangalia mbele".

Baba yako,
Orest


Winnipeg, 18 Mei 1973

Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sikujua. Nilidhani wewe unaipenda saa tisa alasiri.

Kesho nitayarudisha mabuti kwa posta. Najua utayaleta mwenyewe mlangoni kwako. Mimi nimetoa viatu vyangu vya turubai vya mwaka juzi, nimevitembelea maili sita na sabuni yako, sina hata wekundu.

Sasa sikiliza. Leo mchana nimekwenda kwa wakala wa tiketi. Kiti cha Doreen hakijauzwa. Doreen amekubali kukiachia, na wakala amekubali kubadili jina mpaka Ijumaa ijayo, tarehe 25, mradi mtu awe na pasipoti yake mkononi. Una likizo uliyoilimbikiza kuliko mtu yeyote pale posta, Mama amekuwa akiilalamikia tangu niko shule. Njoo wiki tatu. Mimi nitaendelea na zangu saba peke yangu, na nitaziweza zaidi nikiwa nimeanza na wewe.

Sikukaribishi kwa huruma. Nakuhitaji. Na mtaa mzima unakungoja urudi uwasimulie, utawaambia nini?

Najua pasipoti huna, na siku ni chache. Lakini jaribu. Kapige picha leo leo.

Daria


Dauphin, 23 Mei 1973

Daria mwanangu,

Nakuandikia upesi kabla baba yako hajarudi, na barua hii naipeleka mwenyewe stesheni isipite kwenye mkoba wake.

Anasema haiwezekani. Anasema mtu wa umri wake kulala hosteli na vijana ni kichekesho, mara posta haitamwachia, mara nani atamwagilia nyanya. Usimwamini. Pasipoti anayo. Aliichukua mwezi wa nne, iko kwenye droo yake chini ya soksi, na pichani anaonekana kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Niliiona siku ya kufua nikanyamaza. Nilisema moyoni, anayeficha pasipoti chini ya soksi hajui anamficha nani, mimi au nafsi yake. Jana baada ya barua yako niliichukua nikaiweka kwenye sahani yake badala ya yai. Aliigeuzageuza mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Stefa, na wewe?"

Nikamwambia mimi nchi yangu ni bustani hii, na harusi ya Doreen lazima mtu wa nyumba hii aende akale. Nikamwambia pia kwamba nimeishi naye miaka ishirini na minne na kila siku saa tisa namsikia anavua viatu, halafu anakaa pale kibarazani anatazama barabara. Nilikuwa nadhani amechoka. Ningejua ni hamu, ningemfukuza zamani, kwa upendo.

Yule mzee ndani ya siku mbili atakuwa amekubali, mimi namjua akikataa kwa sauti kubwa. Mwambie wakala aandike jina: Orest Hrynchuk, kwa herufi zote. Ule mfuko mpana ulioniachia niupunguze nimeukata katikati, nimepata miwili. Upindo wa kwake ni wa uzi mwekundu ili msigombanie.

Perina nimeirudisha kabatini. Mmeshinda.

Mama


Bernkastel, 19 Juni 1973

Stefa wangu,

Tuko wazima. Daria ametangulia kwenda kununua mikate, mimi nimekaa kwenye ukuta wa kando ya mto Mosel na kalamu yake. Tulishuka treni Trier, tukala kwa kaka yake bibi Pawluk, ambaye hakuonyesha mshangao wowote na alituongezea viazi mara tatu. Tangu hapo tunatembea kwa miguu, siku ya nne sasa. Vijana wa hosteli wananiita Babu. Usiku mmoja walikusanyika kutaka kujua nani anakoroma, nikawasaidia kutafuta.

Mtoto wako anatembea vizuri. Anasimama palipo na joto anavua, kama nilivyomwambia. Kila jioni anachora ramani ya kesho, na mimi namfuata. Sikujua kwamba nina mtoto anayejua njia. Wiki saba zake za peke yake sizihofii tena, au nazihofia kiasi cha kuweza kulala.

Nataka kukuambia jambo la leo asubuhi. Tulipita kijiji kimoja kilichojipanga barabara moja ndefu, nyumba pande zote mbili, milango imepakana. Mguu wangu ukaanza wenyewe kupanga, namba witiri kushoto, shufwa kulia. Bega likakaa tayari. Nikafika karibu katikati ndipo nikagundua kwamba sina mkoba. Sijui jina hata moja nyuma ya milango ile, na hakuna anayengoja chochote kutoka kwangu.

Unajua Dauphin watu wakifungua mlango hunitazama mikononi kwanza. Siwalaumu, ndiyo kazi. Miaka ishirini na saba wananitazama mikononi, kisha wakipata chao ndipo wanasema habari za asubuhi. Pale kijijini mwanamke mmoja alifungua mlango amebeba ndoo, akanikuta mbele yake. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Akanitazama usoni, Stefa, moja kwa moja, akanisalimia.

Ile supu yote ya mwalimu Tkach ilinitoka kichwani. Daria akaniuliza, "Baba, ni mguu?" Nikamwambia siyo mguu, nina furaha, ngoja ipite. Akangoja.

Mwagilia nyanya.

Mumeo,
Orest